Roboti linachemka, kampuni inafilisika: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mbagala, mwaka wa pili chuo. Binamu yangu amehamia Mwanza kikazi, akaniachia laptop yenye gemu ya BattleTech. Nimezoea gemu za mpira, lakini hii ya kupokezana zamu imenishika hadi silali. Tatizo nimeshafilisika mara mbili. Roboti langu la kwanza, Blackjack, nimelitia silaha kila tundu, ila likipiga mara mbili tatu linachemka na kuzima katikati ya mapigano. Marubani watatu wamekufa. Wenzangu wanasema nivumilie, nikishapata roboti la tani 100 mambo yatanyooka. Ni kweli? Halafu mdogo wangu ana simu tu, naye anataka gemu ya aina hii. Ipo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hizo tani 100 ili uachane nazo mapema: hazitakuokoa. Anayefilisika na roboti la tani 45 atafilisika na la tani 100, tena kwa bili nene zaidi. Ugonjwa wako umeutaja mwenyewe uliposema umelitia silaha kila tundu. Nani alikwambia tundu likiwepo lazima lijazwe?

Mimi nimekulia gereji. Mzee wangu alikuwa fundi Gerezani, mimi nikaishia kutengeneza kompyuta mitaa ya jirani, Kariakoo. Haikupita wiki bila kuja mwenye Fuso anayetaka kuongezewa springi ili abebe mzigo zaidi. Mzee hakuwa anabishana naye. Alikuwa akimuuliza tu, "Na Vigwaza utapitaje?" Springi utaongeza, lakini pale kwenye mizani ya barabara ya Morogoro watakushusha mzigo uliozidi.

BattleTech ni gemu ya mizani. Blackjack ni la tani 45, na litabaki la tani 45 mpaka siku litakapogeuka skrepa. Ndani ya hizo tani mna fremu, injini, deraya (yaani vazi la chuma la kujikinga), rejeta za kupooza joto, silaha, risasi na roketi za kurukia. Ukiongeza bunduki moja, ujue kuna kitu umekitoa ili ipate nafasi, na kwa mchezaji mgeni kitu hicho huwa deraya au rejeta. Vyote viwili havina mlio mzuri, kwa hiyo vinaonekana havina kazi. Ndiyo maana nawaambia vijana kijiweni kwetu kwamba gemu hii inachezwa gereji, uwanjani unakwenda kuhakiki tu.

Tulipeleke hilo Blackjack lako gereji basi. Linavyotoka kiwandani lina mizinga miwili midogo inayoitwa AC/2 na leza nne za kati. Mzinga mmoja wa AC/2 ni tani 6. Miwili ni 12, ongeza tani 1 ya risasi, inakuwa 13. Hiyo ni zaidi ya robo ya uzito wa roboti zima. Kwa gharama yote hiyo, kila mzinga ukilenga unaondoa pointi 25. Sasa tazama leza ya kati: nayo inaondoa pointi 25, lakini ina tani 1 tu na haitumii risasi. Kwa maneno mengine, tani 13 za mizinga zinakupa pointi 50, na tani 4 za leza zinakupa 100. Mizinga ina faida yake, inafika mbali na haina joto kubwa, na nawajua watu wanaoitetea mpaka chai inapoa. Wangu mimi ni msimamo wa mzee: huo mzigo haulipi.

Leza nazo zina dawa yake chungu, ambayo ni joto. Kila roboti linazaliwa na rejeta 10 ndani ya injini, bure, huzilipii uzito. Kila moja huondoa joto la pointi 3 kwa zamu, jumla 30. Ukifyatua leza zote nne pamoja unapita 30, na kinachobaki kinasubiri zamu inayofuata. Zamu ya pili kinaongezeka. Ukivuka mstari wa hatari roboti linaanza kujiunguza fremu kwa ndani, na kipimo kikijaa linazima. Roboti lililozima ni kama gari lililokufa katikati ya reli: adui anachagua mwenyewe pa kukupiga. Hicho ndicho kinachokupata. Umeongeza vinavyotoa joto bila kuongeza kinacholiondoa, halafu unashangaa gari kuchemsha kwenye mlima wa Kitonga.

Jaribu hivi. Shusha mizinga yote miwili na risasi zake. Umepata tani 13. Tani 3 zipeleke kwenye deraya. Kila tani ya deraya ni pointi 80, hivyo umeongeza 240, karibu ngozi mpya. Tani 10 zilizobaki weka rejeta za ziada, kila moja tani 1. Kutoka uwezo wa 30 umefika 60 na kitu. Sasa leza zote nne unazipiga kila zamu na roboti halitoki hata jasho. Ukiona rejeta zimezidi mahitaji, toa mbili uongeze deraya. Ukiona unapenda kuruka sana, ziache, maana roketi za kurukia nazo zinaongeza joto. Ukiliangalia kwenye skrini utaona kama limenyang'anywa heshima, silaha sita zimebaki nne. Lipeleke kazini mara tatu ndipo uje tuongee.

Tukiwa bado kwenye joto, soma aina ya sayari kabla ya kusaini mkataba. Wewe mtu wa Mbagala huhitaji kufundishwa kwamba feni ile ile inayotosha Njombe haitoshi Dar mwezi wa Februari. Jangwani rejeta zinapungua nguvu. Mwezini vilevile, kwa kuwa hakuna hewa ya kupokea joto. Kwenye barafu zinafanya kazi kupita kawaida, na hapo ndipo unaweza kuchukua roboti lenye leza nyingi bila wasiwasi. Ukikuta mto au bwawa, simama ndani ya maji, joto linashuka haraka. Wengi wanapita pembeni ya maji kama wanaogopa kulowa.

Na pale unapozidiwa kabisa, usifyatue. Sogea umpige adui ngumi. Ngumi haitoi joto, na adui anayekimbiakimbia sana, ambaye risasi zinamkosa, ngumi haijali mbio zake. Kiroboti cha tani 20 kilichokusumbua nusu saa kwa wepesi wake kinakatika mguu kwa teke moja la roboti la tani 50. Mimi nilicheza wiki mbili nzima bila kujua kwamba kupiga ngumi ni jambo la maana. Nilidhani ni mbwembwe za watengenezaji.

Deraya nalo lina hesabu yake. Roboti lina sehemu 11 za kuvalishwa: kichwa, mikono miwili, miguu miwili, kifua cha kati na vya pembeni viwili, halafu migongo ya vifua hivyo vitatu. Usigawe sawasawa kama pilau ya msibani. Mbele jaza, hasa kifua cha kati, maana kikitoboka roboti limekwisha. Kifua cha pembeni kikienda, mkono wa upande huo unaanguka nacho pamoja na silaha zake, kwa hiyo kulinda mkono huku ukiacha kifua chake uchi ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Mgongoni punguza, lakini usimalize, kwa sababu maroboti mepesi ya adui kazi yao ni hiyo ya kukuzunguka. Risasi usiziweke kifuani. Zikipigwa zinalipuka na kubomoa sehemu zilipo. Weka mguuni, ambako risasi za adui hufika kwa nadra zaidi, na likitokea la kutokea utachechemea lakini utakuwa hai.

Nadhani najua pia marubani wako wamekufaje. Kichwa cha roboti, hata ukikivalisha deraya mpaka mwisho, kina pointi 45 za deraya na 16 za fremu. Jumla 61, na jumla hiyo ni ile ile kwa roboti la tani 20 na la tani 100. Mzinga mkubwa wa AC/20 unaondoa 100 kwa pigo moja. Likikuangukia kichwani, rubani hana rufaa. Kwa hiyo ukikutana na Hunchback, roboti la tani 50 lenye AC/20 bega la kulia, acha ushujaa. Mzinga ule haufiki mbali. Lipige ukiwa mbali, au lenga kifua chake cha kulia mpaka kidondoke. Baada ya hapo linabaki na vileza vidogo, kama nyuki aliyekwisha kuuma.

Kupokezana zamu nako kuna siri zake, na hapa ndipo wewe wa gemu za mpira itakubidi ujifunze upya. Hii ni drafti. Nimewahi kuwaona wazee chini ya mwembe Magomeni wakikaa dakika kumi bila kugusa kete, na nikajifunza kwao kuliko kwa video yoyote. Katika BattleTech duru moja imegawanywa ngazi. Maroboti mepesi, ya tani 20 hadi 35, yanatangulia. Yanafuata ya kati, tani 40 hadi 55, kisha mazito ya 60 hadi 75, na majitu ya tani 80 hadi 100 yanakuja mwisho. Mgeni anaona ni bahati kutangulia. Siyo lazima. Kuna kitufe cha kuahirisha zamu, na ndicho kitufe ninachokipenda kuliko vyote. Roboti lako la kati likiahirisha hadi ngazi ya mwisho, adui atakuwa ameshasogea na kujianika. Unampiga. Duru mpya inaanza, na kwa kuwa wewe ni mwepesi kuliko yeye, unampiga tena kabla hajajibu. Mapigo mawili mfululizo, yeye kimya. Ukiwa na majitu ya tani 100 matupu, ujanja huu umeupoteza, maana wewe ndiye wa mwisho siku zote. Hao wenzako hawajakwambia hilo.

Kuhusu mwendo: roboti linalotembea linakuwa gumu kulengwa, linalosimama ni rahisi. Lakini kila shambulio linaloelekezwa kwako linakupunguzia kinga hiyo, hata likikukosa. Maana yake usiache roboti lako moja likaonekana na wanne. Na wewe vilevile usigawe mashambulizi, kwamba huyu mpige mmoja, yule mpige mwingine. Maroboti yako yote manne yamshukie mmoja mpaka aanguke. Roboti la adui lililobakiwa na robo ya uhai linapiga sawasawa na jipya.

Sasa fedha, ambako ndiko umeumia mara mbili. Wewe ni mkuu wa kampuni ya mamluki mwaka 3025, pembezoni mwa anga ambako zile koo tano kubwa zinazogombania nyota hazijafika sawasawa. Kuna malkia kijana, Kamea Arano, aliyepinduliwa na mjomba wake siku ya kutawazwa kwake, na hadithi yenyewe inahusu kumrudisha. Nzuri, itafuate. Ila hadithi hailipi mishahara. Mwisho wa kila mwezi marubani wanalipwa, maroboti yanalipiwa matunzo, meli yenu ya angani inalipiwa. Roboti likiharibika, linakaa gereji siku kadhaa na siku hizo zinahesabiwa kwenye mwezi. Rubani akijeruhiwa, analala hospitali ya meli, na mshahara unaendelea. Kwa hiyo ushindi uliokuchania maroboti matatu unaweza kuwa hasara, na kwa mgeni mara nyingi ni hasara.

Kabla ya kila kazi unapewa nafasi ya kupatana: unataka fedha nyingi, au unataka haki ya kuokota vyuma baada ya vita? Naamini wewe umekuwa ukivuta fedha. Miezi ya mwanzo nakushauri vuta skrepa, ukiacha tu fedha za kufikia mwisho wa mwezi. Sababu ni hii: roboti zima dukani ni ghali na halipatikani kirahisi, lakini ukikusanya vipande vitatu vya roboti la aina moja, gereji yako inaliunganisha na ni lako. Wauza spea wote wa Gerezani wanaijua biashara hiyo. Gari likigongwa wanapiga hesabu ya vilivyopona.

Na hapa namna unavyoua ndiyo bei. Ukitoboa kifua cha kati, roboti la adui linakupa kipande 1. Ukikata miguu yote miwili, vipande 2. Ukimuua rubani bila kubomoa kifua, vipande vyote 3, yaani roboti zima kutoka kazi moja. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hawafyatui ovyo. Wanaliangusha kwanza: makombora na ngumi vinamyumbisha adui, akiyumba mno anaanguka, na aliyeanguka unachagua sehemu ya kumlenga bila kulipia chochote. Kila anguko na kila pigo la kichwa linamjeruhi rubani. Ukimwona rubani wa roboti unalolitamani amebakiza jeraha moja, acha kumlenga kifuani. Lenga kichwa au miguu. Ni kama kuchinja kuku bila kuharibu manyoya. Nilipata Centurion langu la kwanza namna hiyo, baada ya kulizungusha duru saba, na mke wangu aliniuliza kwa nini nashangilia saa sita za usiku.

Angalia pia namba mbili kwenye mkataba. Ukiona umeandikiwa 3 kati ya 14, maana yake vipande vitatu vya skrepa unachagua wewe kwa mkono wako, vilivyobaki unagawiwa kwa bahati. Hiyo ya kwanza ndiyo ya kugombania.

Kujitoa pia ni sehemu ya kazi. Ukiwa umeshatimiza sehemu ya mliyokubaliana na maroboti yako yanachanika, ondoka. Utalipwa kiasi. Ukikimbia kabla ya kufanya lolote, sifa yako inashuka kwa mwajiri huyo, lakini marubani watarudi. Rubani aliyekufa harudi, na ule ujuzi wake wote unazikwa naye. Unapowagawia marubani ujuzi, vijana wengi wanamimina wote kwenye kulenga. Gawanya. Ustahimilivu unampa majeraha mengi zaidi kabla ya kufa, na mbinu zikipanda zinaongeza uwezekano wa kupiga kichwa unapochagua sehemu. Kwa hao marubani watatu, pole. Kuna rubani wa mwanzoni anaitwa Dekker ambaye wachezaji duniani kote wamemzika kiasi kwamba kufa kwake kumekuwa mzaha. Kama mmoja wa watatu wako ni yeye, hujafanya jambo geni.

Turudi kwenye tani 100. Roboti la Atlas lipo, na siku utakapoliokota utafurahi. Lakini litumie kwa kazi ya lori: litangulie mbele kupokea vipigo, mengine mawili ya kati yapige ubavuni, moja likae nyuma na makombora ya masafa marefu. Kwenye uwanja wa maroboti manne nafasi moja ya jitu inatosha kwa muda mrefu. Na kulinunua kabla ya kujua kugawa uzito wa tani 45 ni sawa na kumpa basi la Kimara dereva aliyejifunzia bajaji jana.

Ikiwa unajiuliza kwa nini gemu ya kompyuta imejaa hesabu za mizani namna hii, ni kwamba ilianza mezani. Mwaka 1984 kampuni ya FASA ya Chicago ilitoa mchezo wa ramani, dadu na karatasi ulioitwa BattleDroids. Mwaka uliofuata jina likabadilishwa kuwa BattleTech, kwa sababu neno "droid" lilikuwa na mwenyewe, kampuni ya George Lucas. Wachezaji walikuwa wanapiga hesabu za tani na joto kwa penseli. Mmoja wa waasisi, Jordan Weisman, ndiye aliyeongoza studio ya Harebrained Schemes iliyoitengeneza hii yako, ikatoka Aprili 2018 baada ya kuchangiwa na mashabiki. Leza ya kati kwenye karatasi zile ilikuwa tani 1 na pointi 5. Kwenye kompyuta wamezidisha kwa tano tu. Kwa hiyo unayocheza ni karatasi ya mwaka 1984 iliyovalishwa picha.

Hukuniuliza kuhusu laptop, lakini kwa kuwa ndiyo kazi yangu nitapenyeza. Gemu hii inataka RAM ya GB 8, nafasi zaidi ya GB 30, na kadi ya picha inayojitegemea. Kama inacheza, umeshapita hapo. Ila inapakia taratibu hata kwenye mashine nzuri, usidhani imekwama ukaizima kwa nguvu. Na kama laptop yenyewe inachemka, dawa ni ile ile ya Blackjack. Isiweke juu ya godoro. Mpelekee fundi aifungue na kupuliza vumbi, abadilishe na ile pesti ya kwenye prosesa. Vumbi la Dar linaziba feni ndani ya mwaka. Mimi niliwahi kuuziwa laptop iliyotumika na duka moja, mwenye duka akaniapia feni ni mpya, nilipoifungua nikakuta nyuzi za zulia. Na sevu kabla ya kila kazi, umeme wa mtaani kwenu unaujua mwenyewe.

Je, uanze upya? Kama bado una maroboti manne yanayotembea na fedha za mwezi mmoja, usianze. Fanya kazi mbili zenye mafuvu machache kabisa (mafuvu ndiyo alama ya ugumu wa kazi), zile unazoziona za kitoto, kwa mpango wa skrepa. Kama umebaki na deni tu, anza upya na hilo Blackjack jipya lipeleke gereji kabla ya kazi ya kwanza kabisa.

Mdogo wako wa simu mtafutie Into the Breach, ya studio ya Subset Games. Ilitoka 2018, kisha 2022 ikaingia kwenye simu kupitia Netflix, kwa hiyo aangalie kama bado ipo huko, na atahitaji akaunti yao. Ni maroboti matatu kwenye ubao wa miraba nane kwa nane, yakilinda miji dhidi ya wadudu wakubwa. Mabadiliko ya roboti ni machache kuliko yako, hakuna kupima tani. Lakini kabla ya kila zamu anaonyeshwa wazi kila mdudu atapiga wapi, na kazi yake ni kuwasukuma ili wapigane wenyewe. Mchezo mmoja unakwisha ndani ya saa moja hivi. Wewe mwenyewe, ukishamaliza kumrudisha malkia, itafute Front Mission ya mwanzo, ya Japani, mwaka 1995; imetengenezwa upya na kutolewa tangu 2022. Mle roboti lina kiwiliwili, mikono miwili na miguu, kila kimoja na uhai wake. Mkono ukivunjwa, bunduki yake imekwenda. Miguu ikivunjwa, unatambaa. Kiwiliwili kikiisha, umekwisha. Ukifika huko ukiwa umeshajua kugawa tani, utaikuta nyepesi, na nina hakika utaanza kunibishia kuhusu zile AC/2.